Tundu la Mkasi

Tundu la kwanza MmaMolefi alilisingizia mvua ya mawe. Jioni iliyotangulia mawe yalikuwa yameyatwanga mabati ya mtaa wa Batho mpaka watu wakawa wanazungumza kwa ishara ndani ya nyumba zao wenyewe, na asubuhi kila mtu alikuwa uani na ufagio, akiangalia hasara yake. Spinachi za jirani zilikuwa zimelala kifudifudi. Kwa hiyo alipoona jani la mwaridi lililopungua pembeni, alisema moyoni, wewe umepona, akaendelea kufagia.

Lakini mvua ya mawe hairudi kila siku kuutafuta mti uleule.

Miwaridi ile ilikuwa imepangwa kutoka langoni hadi barazani, na aliyeipanda ni Molefi, mwanawe wa pekee. Julai, baridi ikiwa imeganda juu ya nyasi, aliipogoa kama kila mwaka. Aliondoa matawi makavu na yale yaliyopandana, akaacha vishina vifupi vinavyotazama nje kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Akaupaka mkasi wa kupogolea mafuta, akauviringisha mpira wa maji na kuutundika kwenye msumari nyuma ya nyumba. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliketi kitini kuvua viatu. Cha pili alivuliwa na mama yake.

Ndiyo maana, Septemba vishina vile vilipoanza kutoa majani mekundu mekundu kama masikio ya mtoto mchanga, MmaMolefi hakuona majani. Aliona kazi ya mwisho ya mikono ya mwanawe ikiendelea bila yeye. Kila chipukizi lilikuwa limetokea pale alipokata Molefi, si pengine. Akawa anaamka na kwenda kuyatazama kabla hata ya kuweka chai.

Nyumba ilikuwa na watu wawili tu sasa, yeye na mkaza mwana wake. Mwanamke huyo kwao alizaliwa Puleng, lakini siku ya kuolewa MmaMolefi alimfunga blanketi mabegani mbele ya watu wote, akampa jina la nyumba hii kama desturi inavyotaka: MmaTebello. Mama wa Tebello, yaani mama wa Matarajio. Mtoto huitwa kabla hajaja ili ajue njia. Miaka ikapita, Tebello hakuiona njia, Molefi akafa, na jina likabaki pale pale, limevaliwa na mwenyewe bila manung'uniko.

MmaTebello alikuwa amevaa thapo, nguo nyeusi ya ujane, na masharti yake alikuwa anayafuata yote. Alilala kwenye godoro lililowekwa sakafuni. Alisema kwa sauti ya chini. Jua halikumzamia nje ya nyumba, wala adhuhuri hakutoka bila haja. Na hakugusa kitu chochote kinachoota, kwa sababu mfiwa ana sefifi, ule weusi wa msiba unaomganda mtu, na mmea ukiguswa na sefifi hunyauka. Vitu vya marehemu navyo havikutakiwa kuguswa na yeyote mpaka siku ya kuvuliwa thapo: koti lake, mkasi wake, hata ule mpira wa maji. Hilo alilisema MmaMolefi mwenyewe, mara moja tu, na halikuhitaji kurudiwa. Miwaridi aliimwagilia kwa ndoo, kiuno kikimuuma.

Mchana kutwa MmaTebello alikaa chumbani, pazia limeteremshwa, akishona kwa mkono. Alikuwa fundi wa magauni ya seshoeshoe, kile kitambaa cha nakshi cha sherehe, lakini cherehani ilikuwa imefunikwa shuka tangu Julai, kwa kuwa kelele yake haikufaa nyumba ya msiba. Alipindia pindo za wateja wavumilivu, na kwenye kikapu chake kulikuwa na uzi, sindano na mkasi mdogo wenye ncha kali.

*

MmaMolefi aliyajua matundu. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja mjini, meza ya ukaguzi, mashuka yakipita mbele yake kama mto. Tundu la moto lina ukingo mgumu. Tundu la panya lina nyuzi zilizotafunwa. La uchakavu hutanguliwa na wembamba, kama mtu anayeugua kabla ya kufa. Tundu la mkasi halina dalili yoyote. Linaanza ghafla na kuisha ghafla, na ukingo wake ni safi. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimfukuzisha mtu kazi, maana lilikuwa na mkono nyuma yake.

Basi aliyashughulikia majani kama alivyoshughulikia mashuka. Alivaa miwani, akakunja gauni, akapiga magoti.

Alianza na konokono. Konokono huacha njia inayong'aa, kama mate ya mtoto kwenye bega, hakuiona. Akatafuta viwavi upande wa chini wa majani, mmoja baada ya mwingine. Kiwavi hula na kuchafua palepale, na kinyesi chake kama punje za baruti hubaki kwenye jani la chini. Hakukuwa na punje. Akawafikiria panzi. Panzi anauma kama mzee asiye na meno anavyouma mkate, kila mahali kumechanika. Wale mbawakawa wenye milia, ambao kila mtu mtaani anawajua na kuwachukia, wanapenda maua kuliko majani, na maua yalikuwa mazima.

Matundu haya yalikuwa ya namna yake. Yote yalianzia ukingoni mwa jani na kuingia ndani kwa mviringo, nusu mwezi, kama mtu ameweka kifungo cha shati pale na kukifuatisha. Ukingo ulikuwa laini. Na chini, juu ya udongo, hakukuwa na kitu. Mlaji huacha makombo. Huyu alikuwa amechukua.

"Mme MmaMolefi," sauti ilitoka upande wa pili wa ua wa michongoma, ikimwita Mme, yaani mama, "kama ulikuwa unapenda lesi ungeniambia, ningekununulia mjini. Sasa unaitoboa miti ya watu."

Alikuwa Sebolelo, jirani, mwanamke asiyeweza kuona jambo zito bila kulitia chumvi.

"Njoo uone," MmaMolefi alisema.

Sebolelo alizunguka, akaingia langoni, akainama mikono ikiwa kiunoni. "Mwaga majivu."

"Nimemwaga."

"Sabuni ya maji."

"Nimenyunyiza. Siku mbili, halafu yakarudi. Nakwambia haya si ya mdudu, Sebolelo. Mdudu hana ukingo kama huu. Hili ni tundu la mkasi."

"Mkasi." Sebolelo alicheka. "Mimi ninao mmoja, na unatosha kucha za miguu ya mume wangu, basi. Hauna nguvu ya kazi nyingine. Muulize fundi wako mle ndani."

Alisema kwa utani, akaenda zake kuangalia sufuria yake. Utani ukabaki uani, na MmaMolefi akabaki nao.

Hakuwa mwanamke mwepesi wa kuhukumu. Aliliweka neno lile kando siku kadhaa, kama mtu anavyoweka shuka asilolielewa chini ya mengine ili alione tena kesho. Aliamka alfajiri na kukaa nyuma ya mlango akichungulia uani. Jioni, saa ambazo wezi hupenda, alikaa barazani na shali. Hakuona mtu. Hata hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana, alipoamka kutoka kwenye usingizi wake mfupi, kulikuwa na nusu miezi mipya. Saa hizo ndani ya lango lile alikuwapo mtu mmoja tu aliyekuwa macho.

*

Alimwuliza wakati wa kula. Walikuwa na ugali wa mahindi na mboga za majani, na MmaTebello alikuwa ameketi sakafuni kama sharti lilivyotaka, sahani mapajani.

"Mwanangu, unatoka uani mchana?"

"Naenda chooni, Mme."

"Kwenye miwaridi?"

MmaTebello aliacha kutafuna. "Siendi. Najua mimi nina nini. Sitaki inyauke."

"Hainyauki. Inakatwa."

"Sijaigusa, Mme." Akafikiri kidogo. "Adhuhuri nasikia kitu kinavuma nje ya dirisha. Kinapita, kinarudi, kinapita. Labda ndicho."

"Kinachovuma ni nyuki. Nyuki hunywa maua, hali majani. Mkasi ataupata wapi?"

"Sijui, Mme. Nimesema ninachokisikia."

Lilikuwa jibu zuri, lakini MmaMolefi alishawasikia wengi pale kwenye meza ya ukaguzi wakijibu vizuri. Asubuhi yake, mkwe alipokwenda kuoga, aliingia chumbani, akautoa mkasi kwenye kikapu, akaufungia kabatini pamoja na ule wa Molefi. MmaTebello alirudi, akapekua kikapu, akaelewa. Tangu siku hiyo alikata uzi kwa meno.

Matundu hayakukoma. Mtu mwenye shaka angepumzika hapo na kujiuliza upya, na MmaMolefi nusura afanye hivyo. Lakini alikuwa amechoka. Kila tundu la nusu mwezi lilikuwa linamtoa Molefi kipande. Alijiambia kwamba aliyekosa mkasi hakosi wembe. Hakujua ni kwa nini mkwe wake afanye hivyo. Pengine dawa, wapo wanaochukua kitu cha marehemu wakakipeleka kwa waganga. Pengine ni uchungu tu, kwa maana mtu mwenye uchungu hukata chochote kilicho karibu. Kilichomuuma ni kuwa mikato ile ilikuwa inafanywa juu ya mikato ya mwanawe.

Siku moja ya Novemba, joto limebana, alisimama jikoni na kuita, na alichoita hakikuwa kile alichozoea.

"Puleng! Lete sufuria kubwa."

Chumbani kikapu kilisukumwa kando. Kisha zikasikika hatua, na yule mwanamke akaja na sufuria, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Hii hapa, Mme," alisema Puleng.

*

Mwanzo wa Desemba alikuja Baba Paseka, au Ntate kama walivyomwita, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye sauti ya ukoo. Alikunywa chai yake yote kwanza. Thapo ingevuliwa Jumamosi ya kwanza baada ya mwaka mpya, alisema, na watu wa kwa kina Puleng kule Thaba Nchu wangeitwa. Kilichobaki ni neno la mwenye nyumba.

"Akishavuliwa, shemeji, ama anabaki mtoto wetu, ama tunamrudisha kwao kwa heshima. Wewe ndiye uliyempa jina. Wewe ndiye wa kusema."

MmaMolefi alitazama dirishani. "Arudi kwao."

"Mbona? Huyu binti hajawahi kuitia nyumba hii aibu. Molefi alimpenda."

"Anakata miti ya Molefi."

Paseka aliirudisha sahani ya kikombe mezani polepole. "Shemeji, sababu ni majani?"

"Si majani."

Naye Paseka, aliyemzika kaka na sasa mtoto wa kaka, hakuwa na nguvu ya kuuliza kama si majani ni nini. Alimwita Puleng, akamweleza. Puleng alisikiliza kichwa kimeinama, akasema, "Nimesikia, Ntate," akarudi kwenye pindo zake.

Krismasi ilipita bila nyama choma wala nyimbo. Waliishi vizuri, hilo ndilo lililokuwa gumu. Puleng alipika, alifua, aliamkia. MmaMolefi alishukuru. Hakuna aliyepandisha sauti. Nyumba ilikuwa kama jani lile: nzima ukiitazama kwa mbali.

*

Ijumaa, siku moja kabla ya shughuli, MmaMolefi alikuwa uani na ndoo za gemere, kinywaji cha tangawizi cha kuwakaribisha wageni. Hakulala mchana ule. Kulikuwa na sukari ya kukoroga na vitambaa vya kufunika ndoo, na jua lilikuwa limesimama utosini, saa ambayo hata mbwa wa Batho hukaa chini ya magari. Alivuta kiti kwenye kivuli chembamba cha ukuta, karibu na miwaridi, apumue.

Akasikia mvumo.

Kilikuja kitu kidogo, cheusi kwa kahawia, chenye tumbo lililopakwa rangi ya kutu kwa chini. Alikuwa nyuki, lakini mnene na mfupi kuliko wa asali, na hakwenda kwenye ua. Alilipita ua lililofunguka kama mtu anavyoipita baa akienda kazini. Alitua kwenye ukingo wa jani, akalipanda kwa miguu ya pande zote mbili, akaanza kuuma. MmaMolefi aliinama mbele. Nyuki alikuwa anazunguka, mwili ukiwa ndio dira, taya zikienda na kurudi, na nyuma yake ukafuata mstari safi wa mviringo. Haikuchukua muda wa kusema Baba Yetu. Kipande kikaachana na jani, nyuki akaanguka nacho kidogo, akajishika hewani, akaruka huku amekikumbatia chini ya tumbo kama mama aliyebeba mkeka.

Jani likabaki linatikisika. Nusu mwezi.

MmaMolefi alikaa mikono imelala mapajani. Akaja nyuki mwingine, au yuleyule, akakata, akaenda. Alipokuja tena MmaMolefi aliinuka na kumfuata. Nyuki alizunguka pembe ya nyumba. Nyuma ya nyumba, kwenye msumari, ulikuwa unaning'inia mpira wa maji wa Molefi, umeviringishwa kama alivyouviringisha, mdomo wake wa shaba umetazama nje. Nyuki aliingia mdomoni na mkeka wake. Akakaa humo. Akatoka mikono mitupu, akaenda zake.

MmaMolefi alivaa miwani, akakaribia. Ndani ya shaba kulikuwa kumejaa kijani: vipande vimepangwa juu ya vipande, vimekunjwa kwa ustadi kama sigara, kile cha mwisho kikiwa kifuniko cha duara. Alijua anachokitazama, ingawa hakuwahi kukiona. Watu wote waliowahi kuandaa nguo za mtoto wanakijua. Nyuki yule hakuwa anakula majani. Alikuwa anatandika.

Na alikuwa ameingia pale kwa sababu mpira haukuwa umeguswa tangu Julai, kwa agizo lake.

Alirudi mbele ya nyumba, akaingia ndani.

*

Puleng alikuwa anapanga nguo kwenye sanduku. Alipomwona mama mkwe wake mlangoni, miwani bado iko usoni, alisimama.

"Wageni wamefika, Mme?"

"Hapana. Njoo nyuma ya nyumba, nikuoneshe kitu."

"Sharti la kutoka saa hizi..."

"Njoo tu, mwanangu."

Walisimama mbele ya msumari, mmoja kwa nguo nyeusi na mwingine kwa aproni yenye tangawizi. Hawakungoja sana. Nyuki alikuja na kipande chake, akawaona, akasita, akaamua kwamba hawana neno, akaingia.

Puleng aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Ni yeye huyo," alisema. "Huo mvumo ndio ule."

"Uliniambia."

"Nilikuambia, Mme."

"Nami nikasema nyuki hana mkasi."

Kutoka ndani ya shaba ilisikika sauti ndogo, kama mtu anayekwaruza karatasi kwa ukucha.

"Kesho nitasema mbele ya wote," MmaMolefi alisema. "Kwa Paseka, kwa watu wa kwenu. Nitasema nilikosea. Utabaki. Hii ni nyumba yako, MmaTebello."

Jina lilitoka, likakaa katikati yao. Puleng alishika pindo la nguo yake nyeusi, akalikunja na kulikunjua kwa vidole vya fundi.

"Uliponichukulia mkasi sikulia, Mme. Nilisema, ni uchungu, utapita. Na mimi ninao. Lakini siku ile ya sufuria." Akatafuta sauti yake ya chini. "Mtoto sikumpata. Molefi ameondoka. Nilikuwa nimebaki na jina. Siku ile nilirudi chumbani nikakaa na Puleng, na nilikuwa nimeshamsahau. Ilibidi nianze kumzoea upya. Sasa nimemzoea. Siwezi kumwacha tena."

"Mtu akikosea harudishi?"

"Umerudisha, Mme. Nimepokea. Sina kinyongo. Lakini niite Puleng."

MmaMolefi alitaka kusema mengi. Alikuwa na sababu nzuri, zote zimepangwa: ukingo laini, makombo yasiyokuwapo, saa za mchana. Kila moja ilikuwa kweli, na zote kwa pamoja zilikuwa zimemfikisha hapa. Akasema, "Jua linawaka. Rudi ndani."

*

Jumamosi walikuja. Thapo ilivuliwa, nywele zikanyolewa, Puleng akaogeshwa na shangazi zake na kuvikwa gauni jipya la bluu alilolishona mwenyewe kwa mkono, uzi ukikatwa kwa meno. MmaMolefi alisimama mbele ya watu, akasema alichokosea bila kukipunguza. Shangazi mkubwa wa Thaba Nchu akasema, "Tumesikia, Mme. Tunashukuru. Lakini mtoto anasema amechoka, na sisi tunamwamini mtoto wetu." Paseka alitazama viatu vyake. Watu wakanywa gemere, wakaisifu.

Sanduku na cherehani vilipokwisha pakiwa, MmaMolefi alikwenda kabatini, akarudi na mikasi miwili. Ule mdogo aliuweka kwenye kikapu cha Puleng, mahali pake. Ule wa kupogolea, wenye mafuta ya mwanawe bado kwenye bawaba, aliushika kwa ncha na kumwelekezea mpini.

"Sasa huna sefifi," alisema. "Kata."

Puleng aliipita miwaridi yote polepole, mara ya kwanza tangu Julai, akiigusa kwa mgongo wa mkono. Akachagua tawi moja karibu na baraza. Lilikuwa limetobolewa kuliko yote.

"Hilo lenye matundu? Chukua zuri, mwanangu, yapo."

"Hili ndilo ninalolijua, Mme."

Akakata mshazari, juu kidogo ya jicho la tawi, kama Molefi alivyokata. Alilifunga kwa kitambaa kilicholoa, akampa MmaMolefi mikono miwili kumuaga, akaingia garini na tawi lake. Lango likafungwa. Vumbi likachukua muda wake kutulia.

Joto la Januari liliendelea. Wiki ile na nyingine zilizofuata, MmaMolefi alionekana akibeba ndoo kutoka bombani hadi langoni, akipumzika kwenye kila mti. Sebolelo alivumilia kadiri alivyoweza.

"Mme MmaMolefi, thapo imevuliwa, vitu vya marehemu vimeshagawiwa. Kiuno chako kinakulilia mpaka nakisikia huku kwangu. Ule mpira nyuma ya nyumba si upo?"

"Upo."

"Basi utumie."

"Una wenyewe," alisema MmaMolefi, akainua ndoo.

Adhuhuri ilipofika alivuta kiti kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akakaa bila kusinzia. Mvumo ukaja. Jani moja likainama kwa uzito mdogo, kisha likainuka, limepungua.